Barua ya wazi kwa Mwenyekiti wa Jumuiya ya Kaunti za Pwani: embe moja, risiti moja

Mheshimiwa Mwenyekiti,

Baada ya salamu, naomba nikueleze safari ya embe. Mimi ni mchuuzi wa matunda. Msimu uliopita nilipakia maembe aina ya ngowe huko Hola, Tana River, jioni, maembe yakiwa bado magumu. Nikalipa ushuru wa mazao, nikapewa risiti. Njiani, kwenye kizuizi kimoja, nikaambiwa risiti ile si ya huku: lipa tena au shusha mzigo. Tulibishana mpaka jua likawa la utosi. Nilipofunua turubai kwenye soko la Kongowea, Mombasa, kreti za chini zilikuwa zikichuruzika maji, nzi wameshajaa. Karo ya wanangu ilikuwa mle.

Katiba ya Kenya ya 2010, kifungu cha 209(5), hairuhusu kaunti kutoza kwa namna inayodhuru biashara inayovuka mipaka yake au inayozuia bidhaa kusafiri nchini. Kifungu cha 189 kinaziruhusu kaunti kuunda mamlaka ya pamoja. Na Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012 inasema fedha za umma hazitengwi nje ya mpango uliopitishwa na bunge la kaunti. Fundo liko hapo. Mombasa, Kwale, Kilifi, Tana River, Lamu na Taita Taveta, kila moja ina mpango wake wa miaka mitano, na embe langu linapita katika mitatu. Makubaliano ya magavana, hata yawe mazuri vipi, hayamfungi askari wa kizuizini. Sheria ndiyo inayomfunga.

Mipango ya sasa inakwisha 2027. Kabla ya inayofuata kuandikwa, nakuomba mpeleke mswada mmoja, kwa maneno yale yale, katika mabunge yote sita. Ushuru wa mazao ulipwe mara moja yanakotoka, na risiti iheshimiwe hadi sokoni. Ada ya soko tutaendelea kulipa, kwani huko tunapata kivuli, maji na mizani. Mpango wa kila kaunti uwe na sura moja ya pamoja: kiwanda kimoja cha kukausha embe karibu na mashamba, chenye matunda ya kutosha, badala ya vidogo sita vinavyogombania mzigo.

Niko tayari kufika mbele ya bunge lolote kati ya hayo, na risiti zangu zote mbili mkononi.

Wako,
Mchuuzi wa matunda, Kongowea