Namba ya Bunduki ya Babu Yako

Majengo, Moshi
25 Julai

Mama,

Picha uliyonitumia juzi nimeiona, ya yule mtu anayetangaza kwamba ananunua noti za zamani kwa bei nzuri. Ukauliza, baba, zile za babu kwenye bati la biskuti bado zipo? Zipo. Leo ni Siku ya Mashujaa, redio inapiga tarumbeta tangu asubuhi, basi nikalishusha bati kutoka juu ya kabati, nikakaa nalo barazani. Nimeandika kwa kalamu kwa sababu vidole vyangu na yale maherufi ya simu havipatani. Mdogo wako ataipiga picha karatasi akutumie.

La bei tulimalize kwanza. Ile ya Burma haikununulii hata nauli ya basi kutoka Dar. Wajapani walipoiteka nchi hiyo kwenye vita walizichapa nyingi mno, na hadi leo zimejaa duniani. Huyo mtu akikuahidi mamilioni, ujue anataka kitu kingine kwako.

Ila ichukue uiangalie vizuri, maana ulipokuwa mdogo ulikuwa unaishika kwa mikono yenye mafuta ya maandazi na bibi yako anakufokea. Imeandikwa kwa Kiingereza: Serikali ya Japani, rupia kumi. Babu yako lilikuwa linamchekesha sana hilo, watu wanapigana na Mwingereza huku pesa wanaiandika kwa lugha yake. Pembeni kuna herufi, ya kwanza B, ndiyo Burma. Sahihi ya mtu hakuna. Sasa tafuta namba. Hutaiona. Noti iliyo mfukoni mwako sasa hivi ina namba yake peke yake, hii haina. Babu alikuwa akisema, "Pesa isiyo na namba hakuna anayeihesabu, anajichapia tu."

Bunduki yake ilikuwa na namba.

Babu yako alikuwa Keya, askari wa King's African Rifles, jeshi la Mwingereza, hilo unalijua. Kikosi chake kilikuwa cha 36, cha Tanganyika, chini ya ile Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki iliyokuwa na kichwa cha faru begani. Mwaka 1944 waliteremka bonde la Kabaw kwenye masika ya kule, wanawafukuza Wajapani kuelekea mto Chindwin, na Desemba wakavuka pale Kalewa. Ramani hiyo nimekuja kuijua ukubwani. Yeye hakuwa na ramani, alikuwa na matope, malaria na ile bunduki yake ya 303.

Ningekuwa na kipaji ningekuchorea alivyokuwa anaisimulia. Alikuwa anachukua mwiko wa kusongea ugali anauweka mapajani, kitako kwake, mtutu kwa mlango. Nyuma ya kitako kuna kifuniko cha shaba, ukikibonyeza kinafunguka, ndani kuna kichupa cha mafuta na kamba yenye uzito mwisho. Unaingiza kitambaa kwenye kitanzi cha kamba, unadondosha uzito upitie kwenye mtutu, unavuta mara moja, usisite katikati. Ukisita kitambaa kinakwama, na afande akikuta kitambaa kimekwama una kesi. Risasi zake zilikuwa zinaacha chumvi ndani ya mtutu, hivyo ukishapiga unamimina maji ya moto kwanza, ndipo unapaka mafuta. Mvua ya kule ilikuwa haisubiri. Unalala chuma cheusi, unaamka kimeota kutu nyekundu kama udongo wa Kibosho. Yeye alilala nayo ndani ya blanketi, yeye pembeni analowana.

Ilikula risasi kumi, unazisukuma tano, kisha tano. Ilikuwa na taji la mfalme limegongwa kwenye chuma, na ile namba. Alituambia bunduki ya Mjapani ilikuwa ndefu kuliko ya kwao, na juu ya chuma ilichongwa ua, ua la mfalme wao. Moja aliikuta kwenye handaki, mwenyewe amelala kando yake. Alisema aliangalia lile ua muda mrefu kuliko alivyomwangalia yule mtu. Hapo alikuwa akinyamaza na kuomba mbege.

Ndani ya handaki hilohilo ndimo mlimokuwa na noti, bunda zima, zimeshikana kwa maji kama ndizi zilizoiva kupita kiasi. Wenzake walijaribu kukokea moto wa chai, zikatoa moshi tu. Akabandua moja, hiyo unayoijua. Waingereza waliporudi walitangaza kwamba pesa ya Mjapani si pesa, wakaleta za kwao, noti za India zenye kichwa cha mfalme, zimegongwa juu kwamba ni za utawala wa kijeshi, halali Burma pekee. Fikiria mama muuza mchele wa kule, ameweka akiba miaka mitatu chini ya mkeka. Kulala na kuamka ana karatasi.

Usidhani ni mambo ya Asia. Kwenye bati kuna sarafu ya shaba, imeandikwa 20 Heller, 1916, na herufi T. Baba yangu mdogo aliifukua akichimba shimo la mgomba. Wajerumani walipozingirwa bila meli ya kuwaletea fedha, waligonga za kwao kwenye karakana ya reli kule Tabora, kwa shaba ya maganda ya risasi na mabaki ya vyuma. Ganda la risasi likawa senti. Unaposema leo "sina hela", neno lenyewe unalotumia ni hiyo Heller.

Sasa yangu. Mwaka 1978 nilikuwa na miaka 20, mgambo, sina hata ndevu za kuridhisha. Amini alipoingia Kagera mwishoni mwa Oktoba, na Mwalimu aliposema redioni kwamba uwezo, sababu na nia vyote tunavyo, babu yako alikuwa anamenya kahawa kwenye mashine ya mkono. Hakuacha kuzungusha. Usiku ule aliniuliza swali moja tu: watakupa bunduki gani? Nilikuwa sijui. Nilipopata nafasi ya kumwandikia nikamwambia ni SAR, ya Kichina, inakula kumi. Jibu lake lilinifikia tukiwa tumeshavuka Mutukula: "Kumi kama yangu. Ishike namba yake kichwani, karatasi italowa."

Vita vyenyewe sitakusimulia. Masaka tuliingia Februari 1979, Kampala tarehe 11 Aprili. Huku nyumbani Machi ile babu yako anaona magari ya wageni yanazagaa mjini, kumbe ni Waganda wa uhamishoni wanakutana hapahapa Moshi kupanga nani atawale Amini akiondoka. Alikasirika kidogo. Alisema mtoto wake yuko kwenye matope ya watu, na wenye matope wako kwake wanakunywa chai.

Ninachotaka ukijue ni cha noti ya pili, ile yenye sura ya Amini. Watu walikuwa wamevunja maduka, na noti zilikuwa barabarani zinakanyagwa. Niliokota kama kumi hivi, nikajiona tajiri. Siku mbili baadaye, nje ya mji, nikamkuta bibi mmoja ana mkungu wa ndizi mbivu. Alikuwa na umri wa mama yangu, na kanga yake imechakaa unaona mwanga upande wa pili. Nikamtolea noti tatu. Hakuzigusa. Alinijibu kwa Kiswahili cha sokoni, "Mwanangu mkombozi, hizo kaa nazo. Una sabuni?"

Nilikuwa na nusu mche kwenye mkoba. Nikampa. Akaunusa, mama, akaunusa kama mtu anavyonusa kichwa cha mtoto mchanga, akaufunga kwenye pindo la kanga na kunikabidhi mkungu wote. Mwaka ule haujaisha, Uganda ikatoa noti mpya zenye picha ya jengo la benki. Zangu nikawagawia watoto wachezee, nikabakiza moja.

Mwalimu akatuomba miezi 18 ya kufunga mikanda, na ikawa mirefu kuliko miezi yote niliyowahi kuhesabu. Mama yako atakuambia alivyopanga foleni tangu saa kumi alfajiri kwa ajili ya mche mmoja, pesa anayo mkononi, nzuri kabisa, ina namba na kila kitu. Niliposimama kwenye foleni hizo nilikuwa namkumbuka yule bibi, na nilikuwa naona aibu sijui ya nini.

Babu yako nilipompa ile ya Amini hakusema asante. Aliigeuza kuangalia nyuma na mbele, akasema, "Hii angalau ina namba," akaiweka juu ya yake, akafunga bati. Kuanzia siku hiyo alinisalimia tofauti.

Mwaka 1996, zile wiki zake za mwisho, ulikuwa mdogo na tulikuzuia usiingie chumbani. Alikuwa ananiita kwa jina la kaka yake. Tarehe niliyozaliwa alikuwa ameshaisahau zamani. Lakini usiku ule wa Jumapili alijinyoosha kitandani, mikono ubavuni, akasema kwa sauti ya gwaride: "Kei, naini, tuu, ziro, foo." Mara mbili. Bibi yako alidhani anasali kwa lugha ya wazungu, akajibu amina. Sikumsahihisha.

Kwa hiyo usiuze. Mwanao akitaka kitu cha kupeleka shuleni apeleke ya Amini. Ya Burma imechanika kwenye mkunjo, nimeiweka katikati ya kitabu cha nyimbo na isitolewe humo. Ile sarafu mwambie asiisugue kwa majivu kama alivyofanya binamu yake na medali.

Na lile swali lako la mwisho kwenye simu, ulilouliza huku unacheka, kama na mimi namba ya SAR yangu ninaikumbuka. Ninaikumbuka. Mkija Desemba nitakutajia, tukiwa wawili, mama yako akienda sokoni Mbuyuni.

Baba