Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka 2024

Wazee wetu, mama zetu, ndugu wanachama wa hapa Somerset, Uingereza, na wale wa Bristol mliosafiri kuja,

Assalaam aleikum, Bwana asifiwe, na habari za masiku. Tulipanga viti 50 na nimehesabu watu 19. Wanachama walioandikishwa ni 61. Nitalirudia jambo hili.

Shughuli za kawaida nazipitia upesi, maana mlikuwapo au mliona picha. Iddi na Krismasi zilifana. Darasa la Kiswahili la watoto linaendelea kila Jumamosi ya kwanza ya mwezi. Machi tulikwenda Cheddar, tukatembea korongoni na kuingia katika pango yalimopatikana, mwaka 1903, mabaki ya yule mtu wa kale wa miaka elfu kumi hivi. Mifupa yenyewe iko London. Mwaka 2018 wanasayansi waliopima vinasaba vyake walitangaza kwamba yaelekea alikuwa na ngozi nyeusi na macho ya buluu. Mjukuu wa mmoja wetu alinivuta mkono akauliza, "Babu, kwa hiyo watu weusi walikuwa Somerset tangu zamani?" Kwa swali lile peke yake, safari ililipa. Mei tulipanda Glastonbury Tor, mita 158, na wasioweza mlima wakatembelea magofu ya abasia. Juni tukaenda Wells, tukaona kanisa kuu na saa yake iliyoanza kazi mwishoni mwa karne ya 14.

Sasa Septemba.

Nakiri kwamba mkutano wa Oktoba mwaka jana uliamua kwa kura twende Weston-super-Mare, mji wa pwani. Nakiri pia kwamba mimi, katibu na mweka hazina tulibadili tukaenda Dowlish Wake bila kuwarudia. Maneno yaliyosemwa baadaye nimeyasikia yote, hata yale yaliyosemwa jikoni. Kuna waliosema mwenyekiti amekigeuza chama kuwa chake. Kuna waliosema nimewapeleka watoto kumpigia magoti mkoloni. Hili la pili liliniuma, na nitalijibu kwa kirefu.

Dowlish Wake ni kijiji kidogo karibu na Ilminster. Kanisani humo amezikwa John Hanning Speke, msafiri Mwingereza aliyetafuta chanzo cha mto Nile, ambaye ukoo wake ulikuwa na makazi jirani na hapo. Alikufa tarehe 15 Septemba 1864, huko Wiltshire, kwa risasi ya bunduki yake mwenyewe alipokuwa akivuka ukuta wa mawe akiwinda. Alikuwa na umri wa miaka 37. Kesho yake alitarajiwa kusimama mbele ya wataalamu mjini Bath, kubishana na Richard Burton, aliyekuwa mwenzake wa safari, juu ya chanzo hicho. Niligundua Julai kwamba Septemba hii inatimia miaka 160. Kifungu cha 9 cha katiba yetu kinamruhusu mwenyekiti kuamua jambo la dharura. Nimeambiwa kaburi haliwezi kuwa dharura. Ni kweli kaburi halikimbii, lakini tarehe inapita, na kuitisha mkutano wa akidi wakati wa likizo ya Agosti ni kazi ambayo wanaonilaumu hawajawahi kuijaribu.

Hatukwenda kumtukuza. Tulikwenda kwa sababu habari ya mtu huyu ni habari yetu, na hapa mkoani inasimuliwa nusu. Burton na Speke waliondoka pwani mwaka 1857 wakapita njia ambayo misafara ya pembe na watumwa ilikuwa ikiipita siku zote, hadi Kazeh, ndiyo Tabora ya leo. Wafanyabiashara Waarabu ndio waliowaambia kuna ziwa kubwa kaskazini. Burton alikuwa mgonjwa, akabaki. Speke akaenda, na aliyekuwa mdomo wake njiani ni Sidi Mubarak Bombay. Speke hakujua Kiswahili, waliongea Kihindustani! Tarehe 3 Agosti 1858 walifika upande wa Mwanza, Speke akalipa jina la malkia wake ziwa ambalo wenyeji walikwisha kuliita Nyanza na kuvua samaki humo vizazi na vizazi.

Huyo Bombay alikuwa Myao, aliyetekwa mtoto, akauzwa, akapelekwa India, akapata uhuru na kurudi Unguja. Alitembea na Speke safari mbili, akawa na Stanley alipomkuta Livingstone Ujiji mwaka 1871, kisha akavuka bara na Cameron, msafiri mwingine Mwingereza, hadi bahari ya Atlantiki mwaka 1875. Jumuiya ya Kifalme ya Jiografia ilimpa nishani. Ni wangapi kati yetu tuliwafundisha watoto jina hilo? Mimi mwenyewe nilikuwa silijui vizuri kabla ya Julai.

Basi Jumamosi tarehe 14, watu 22 tuliingia kanisani. Baada ya kifo cha Speke ukoo wake ulipewa nembo yenye mamba na kiboko, na nilipowaeleza watoto hilo walicheka, kisha wakanyamaza wenyewe. Nilisoma majina mawili kwa sauti, Bombay na Mabruki, mwenzake Bombay safarini. Mzee wetu wa Tabora, ambaye babu yake alibeba mizigo ya misafara, alivua kofia, akasimama kitambo mkono juu ya ubao wa benchi. Halafu akasema, "Huyu tumemwona. Wale wapagazi wamelala wapi?" Hakuna aliyemjibu. Nilitoka nje kwanza.

Ndiyo, tulipoteza amana ya pauni 85 ya chakula cha Weston. Nimeirudisha kwa fedha za mfukoni mwangu na risiti iko kwa mweka hazina. Nawaomba radhi watoto waliotaka ufuko, ingawa waliokwisha kwenda wanajua maji yakipwa pale bahari hukimbia mbali, ubaki na tope, na si tope la kuchezea. Kwa kutowarudia wanachama, naomba radhi. Kwa safari yenyewe, siombi.

Fedha: mapato pauni 1,412, matumizi pauni 1,378, salio pauni 34. Ada ni pauni 30 kwa mwaka mzima. Waliolipa ni 23, wasiolipa 38, yaani pauni 1,140 ziko mifukoni kwenu. Baadhi ya waliolalamika sana kuhusu Septemba wamo katika hao 38, na hawakuwamo kwenye basi. Mkutano wa Oktoba uliopiga kura hiyo inayotajwa sana ulikuwa na watu 14. Nimekodisha ukumbi, nimepiga simu, nimeendesha gari kuwafuata wazee hadi Yeovil. Sitaki sifa, nataka watu waje.

Mwakani, Mungu akipenda, tunatarajia kufika kwenye nyanda za majimaji za Somerset Levels, kuliko na njia ya mbao iliyojengwa karibu miaka elfu sita iliyopita na kuhifadhiwa na udongo wa kinamasi. Weston pia tutaitazama, hali ikiruhusu. Tarehe bado.

Fomu za ada ziko kwa mweka hazina, meza ya nyuma, karibu na birika la chai.

Mwenyekiti