Nimeombwa nitoe ushuhuda wa shukrani, naye atakuwa ameketi mbele yangu

Dada Mshauri, Bwana asifiwe.

Ninakuandikia kabla hakujapambazuka, kwa sababu usiku wa leo sijapata hata lepe la usingizi. Mama mchungaji ameniomba nitoe ushuhuda siku ya sikukuu ya mavuno, nieleze jinsi Mungu alivyonifundisha katika niliyopitia, nami nikakubali papo hapo, kwa maana sitaki mtu adhani kwamba sina moyo wa shukrani.

Shukrani ninayo. Mwaka 2016, Serikali ilipotangaza kuhamia Dodoma na ardhi ya huku kwetu ikaanza kugombewa, shemeji yangu aliuza shamba la zabibu nililopanda pamoja na marehemu mume wangu, kabla hata hatujaanua tanga. Nilipomuuliza, alinijibu mbele ya wazee kwamba mimi ni mgeni, nililetwa na mume na mume hayupo. Mizabibu ile niliimwagilia kwa ndoo tangu ikiwa miche, Dada. Nilikuwa mgeni wa nani?

Sikushitaki. Wapo wanaosema nilikuwa mwoga, lakini nilikuwa na watoto wanne na debe moja la uwele ndani, tena sikujua kwamba Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inampa mwanamke haki ya kumiliki ardhi sawa na mwanamume. Leo ninajua. Nilikodi kipande cha ardhi, nikajifunza kupogolea mizabibu kwa mkono wangu kwa kuwa sikuwa na fedha za kumlipa kibarua, na wanunuzi walipoangusha bei niliacha kuwabembeleza, nikazianika zabibu zangu na kuziuza zikiwa kavu. Sasa nina shamba ninalovuna mara mbili kwa mwaka, na hati yake ya kimila ina jina langu. Nisingefukuzwa, nisingeyajua haya, na kila nikipiga magoti ninamshukuru Mungu bila unafiki.

Lakini shemeji amepooza upande mmoja, na siku hiyo ataletwa kanisani. Wifi amenisihi nitamke kwamba yote yale yalikuwa mpango wa Mungu, ili kaka yake apate amani. Mimi nimemsamehe, sina neno naye, na uji wake mara nyingi ninaupeleka mimi. Ila hajawahi kuniambia hata mara moja kwamba alikosea, na lile neno la mgeni hajalifuta. Nikisema ulikuwa mpango wa Mungu, je, si nitakuwa nimemfutia mimi?

Shamba lile silitaki tena, limekwisha kujengwa nyumba. Hata hivyo, nikienda mjini hushuka kituo kimoja kabla ili nipite pale. Wamebakiza mzabibu mmoja uani, haupogolewi, umejaa majani matupu.

Watoto wangu wanataka nikatae. Mimi ninataka kusimama, kisha nikifikiri macho yake yatakuwa wapi, ninataka kuugua siku hiyo. Naomba uniambie, Dada: ninaweza kumshukuru Mungu kwa nilichojifunza bila kumshukuru kwa nilichotendewa, au nikiliruka la shemeji nitakuwa nimeificha kazi ya Mungu? Na kama nikilitaja, nilitaje vipi, mgonjwa akiwa ameketi pale na watu wote wanajua? Nijibu mapema, sikukuu ni Jumapili ijayo.

Mjane, Dodoma