Kabla Hujanunua Ndoo ya Rangi, Angalia Chini ya Ukuta

Simu nyingi tunazopokea kuanzia mwezi wa sita zinafanana: "Fundi, nataka nyumba yangu ipendeze kwa nje, njoo unipigie hesabu ya rangi." Masika yamekwisha, harusi inakaribia, au mwenye nyumba anatafuta mpangaji na kila anayekuja kuangalia anaishia getini. Tunafurahi kuitwa. Lakini tukifika, rangi huwa ndiyo kitu cha mwisho kuzungumza, na wateja wengine hudhani tunawazungusha. Ndiyo maana tunaandika haya.

Mwaka jana tulikwenda kwa mama mmoja Kigamboni. Nyumba nzuri, baraza pana, bati la rangi ya damu ya mzee. Ukuta wa mbele, kutoka ardhini mpaka usawa wa kiuno, ulikuwa umejaa malengelenge. Niligusa moja kwa kidole, likapasuka, na nyuma yake ukamwagika unga mweupe kama sembe. Mama alikuwa amepaka rangi mara tatu ndani ya miaka minne, kila mara akiamini ameuziwa feki.

"Mama, rangi haina kosa," nikamwambia. "Ukuta wako unakunywa maji."

Huku pwani shida hii tunakutana nayo sana. Tofali la saruji lina vitundu vidogo vidogo, na maji ya ardhini hupanda humo kama mafuta ya taa yanavyopanda kwenye utambi. Yakipanda huyeyusha chumvi iliyomo kwenye udongo, au kwenye mchanga wenyewe kama ulichotwa karibu na bahari. Yakifika usoni mwa ukuta hukauka, chumvi inabaki, inaganda na kutanuka, na kuisukuma rangi pamoja na lipu. Ukipaka rangi ya mafuta juu yake umeziba tu njia ya unyevu kutokea. Itabanduka vipande vikubwa zaidi. Wazee wa Unguja walijenga kwa mawe ya matumbawe na chokaa, na chokaa huacha ukuta upumue. Kuta za namna ile zikipigwa lipu ya saruji, unyevu hunasa ndani na ukuta huanza kuharibika.

Unaweza kupima mwenyewe. Chukua nailoni ngumu, nusu mita kwa nusu mita, ibandike ukutani kwa selotepu pande zote nne jioni, uiache mpaka asubuhi. Ukikuta matone upande wa ndani, unyevu unatoka ukutani, na hela ya rangi iweke pembeni kwanza.

Kwa yule mama chanzo hakikuwa mbali. Msingi ulikuwa na nailoni ya kuzuia unyevu, imelazwa vizuri tangu ujenzi. Baadaye akamwaga kifusi na kuweka pevingi, uwanja ukapanda mpaka juu ya nailoni ile, maji yakapata pa kuingilia. Uwanja unatakiwa uwe chini ya nailoni kwa sentimita 15 angalau, na uwe na mteremko wa kupeleka maji mbali na nyumba. Tuling'oa pevingi za kando ya ukuta, tukashusha udongo, tukajaza kokoto. Tukabomoa lipu yote iliyoliwa na chumvi, tukaongeza nusu mita juu ya alama ya mwisho ya unyevu, tofali likabaki wazi likauke. Unga uliokuwa unatokea tuliufagia kwa brashi kavu, siyo kuuosha, maana maji huirudisha chumvi ndani. Lipu mpya tuliipiga kwa mchanga wa mtoni, tukaimwagilia, tukaiacha wiki nne. Ndipo ikaja praima, na rangi mikono miwili. Gharama ilizidi ya kupaka tu, hatukumficha tangu siku ya kwanza.

Ukuta ukishakauka, kupendezesha ni kazi nyepesi. Rangi ya ukuta ichague ukiwa umesimama barabarani unaangalia bati, kwa sababu bati hulibadilishi. Kama mtaa wenu una vumbi, chini ya ukuta weka mkanda wa kijivu au kahawia iliyokolea, kimo cha futi moja na nusu hivi, ili udongo unaorushwa na mvua usionekane. Geti lisuguliwe msasa mpaka chuma kionekane, na praima ya kuzuia kutu ipakwe siku ile ile kabla ya umande. Tunalisisitiza sana geti, kwa kuwa ndilo mgeni analolishika kwa mkono wake.

Ukaguzi wetu unafaa zaidi mvua ikiwa imetoka kunyesha. Hapo tunaona gata lipi linavuja na ukuta upi unarushiwa maji. Ukitupigia siku kama hiyo, tafadhali usifagie uwanja kwanza. Acha madimbwi yalivyo mpaka tufike.