Picha zimefungwa, sauti bado: ile filamu ya kutisha imefika wapi

Wateja wengi wa hapa Lubumbashi wanatujua kwa video za harusi na klipu za kwaya. Tangu tupokee ile filamu ya kutisha iliyopigwa Kampemba na Katuba, swali ni lile lile, mlangoni na kwenye WhatsApp: mbona haitoki? Waliochangia pesa wameona kipande cha matangazo, wanajua kamera zilisharudishwa kwa wenyewe, sasa kinachongojwa ni nini? Tumekubaliana na mtayarishaji tueleze hapa, kwa sababu jibu linawahusu pia wale wanaotaka kutuletea filamu zao.

Montaji ya picha, yaani kuzikata na kuziunganisha, imefungwa. Maana yake hakuna anayeruhusiwa tena kuongeza wala kupunguza hata sekunde moja, awe mtayarishaji mwenyewe au shemeji yake aliyeazima gari. Sauti, muziki na maandishi vyote vinapangwa juu ya picha hizo. Ukikata nusu sekunde kwenye dakika ya 10, mlango wa dakika ya 70 utasikika ukigongwa baada ya mkono kuugonga.

Etalonaji, yaani kusawazisha rangi, iko katikati. Sehemu za mchana zilikwisha upesi. Usiku ndio unaotula muda. Timu ilikuwa na taa chache, kamera ikalazimishwa kuona gizani, na picha zikajaa chengachenga. Programu inaweza kuzisafisha, ila inapitia picha moja moja. Filamu hii ina picha 25 kwa sekunde, kwa hiyo dakika 20 za usiku ni picha 30,000. Kompyuta ikitumia sekunde 2 kwa kila picha, hizo ni zaidi ya saa 16 za kazi, na umeme wa huku wote tunaujua. Ndiyo maana hatutoi faili moja kubwa. Tunatoa kila picha peke yake kwenye folda, ili umeme ukikatika kwenye picha ya 11,000 tuendelee na inayofuata, tusirudi mwanzo. Kuna dirisha moja pia ambamo mshika taa anaonekana kwenye kioo, na ndala zake miguuni. Huyo anafutwa.

Kazi kubwa iliyobaki ni sauti, na hapa hatutaki kuharakishwa. Picha ya mtu akitembea kwenye ukumbi wa nyumba yenye giza haimtishi yeyote ukizima sauti. Jaribu nyumbani na filamu yoyote ya aina hiyo.

Kilichorekodiwa usiku ule ni maneno ya waigizaji pamoja na jenereta, muziki wa baa ya jirani, vyura na nyenje. Jenereta tunaipunguza. Nyenje ni kazi nyingine: katika mazungumzo ya watu wawili, upande wa mama nyenje wanalia, upande wa mtoto wamenyamaza, na kila picha inapobadilika mtazamaji anashtuka mahali ambapo hatukutaka ashtuke. Dawa yake ni kuwatandaza nyenje wale wale chini ya mazungumzo yote, kisha kuwanyamazisha pale tunapochagua sisi. Nyenje wakikatika ghafla, mtu wa huku anajua kuna kitu kinapita uani.

Sauti za vitu tunazitengeneza upya. Mfupa unaovunjika ni muwa mkavu uliofungwa ndani ya kitambaa chenye maji. Kile kinachotambaa chini ya kitanda ni bukari (ugali) ya moto, imesongwa ikiwa laini, inakandwa kwa vidole karibu kabisa na mikro. Tulijaribu udongo kwanza, ukasikika kama udongo tu. Bukari ina ule mnato.

Maneno yasiyosikika lazima waigizaji waje wayarudie studio wakitazama midomo yao kwenye skrini. Paa letu ni la mabati. Mvua ikianza, hakuna kurekodi, na kati ya Novemba na Machi alasiri nyingi huishia hivyo, kwa hiyo tunawaita asubuhi. Mmoja wao anafanya kazi Kolwezi na anapatikana mwisho wa wiki tu.

Baada ya hapo ni miksaji, yaani kuchanganya sauti zote pamoja. Mngurumo mzito unaotikisa kifua kwenye spika kubwa za ukumbi haupo kabisa kwenye simu, kwa sababu spika ya simu karibu haitoi chochote chini ya hezi 200, yaani sauti nzito. Wengi mtaitazama kwenye simu, tunalijua hilo. Kwa hiyo kila mngurumo unawekewa juu yake mkwaruzo mwembamba, na tunasikiliza mara mbili, kwenye spika kubwa na kwenye simu ya kawaida.

Maandishi ya Kifaransa yatakuja mwisho, mistari miwili tu kwa wakati mmoja. Tunayaweka wenyewe. Maandishi yakitokea kabla ya mtu kupiga kelele, msomaji ameshajua.

Kwa wanaopanga kupiga filamu: kila mahali mnapomaliza, waambieni watu wote wanyamaze, rekodini dakika nzima ya ukimya wa pale pale. Haigharimu kitu, na inatuokoa sana kwenye montaji. Leteni diski mbili zenye vitu vile vile, moja ibaki kwenu. Bei tunapatana baada ya kusikiliza sauti zenu, si baada ya kuona picha, na malipo ya kwanza ni ya sehemu ya sauti.

Video za harusi zinaendelea kwa ratiba yake ya kawaida, kwenye kompyuta nyingine. Tarehe ya kuonyesha filamu ataitangaza mtayarishaji, miksaji ikikamilika.