Hilo "labda" lenu la Kyalami

Mhariri,

Mara ya mwisho kukuandikia ilikuwa mwaka 1994, nikilalamikia bei ya mafuta ya taa, na barua haikutoka. Nikanyamaza. Ningeendelea kunyamaza, ila ile makala yenu ya wiki iliyopita kuhusu mbio za langalanga (Formula One), ya "timu zikijitenga zitakimbia wapi", imenikosesha usingizi hadi mke wangu akasema ama niandike ama nihamie sebuleni.

Mwandishi wenu kapanga viwanja vya mashindano hayo ya kujitenga kama anayepanga bakuli kabatini: Silverstone, Monza, Spa, Monaco, Suzuka, Imola. Mwishoni kabisa, "na labda Kyalami", kile cha Afrika Kusini. Afrika nzima imeishia kwenye labda, tena labda yenyewe haikupewa hata sentensi yake.

Nimuulize kijana huyo (naamini ni kijana), watu hao wanajitenga na nini kama wanarudi kulekule walikotoka? Mwaka 2009 timu nane, Ferrari na McLaren zikiwemo, zilitangaza kuanzisha mashindano yao kwa ugomvi wa kikomo cha matumizi. Wiki haikuisha wakapatana. Ugomvi uliofika barabarani ni ule wa zamani zaidi. Februari 1981 timu zilizokosana na shirikisho la dunia zilikimbia zenyewe, Ferrari na Renault hazimo. Wapi? Kyalami! Carlos Reutemann wa Argentina akashinda na Williams, Nelson Piquet wa Brazil akawa wa pili, halafu mbio zikanyimwa pointi. Mwisho wa mwaka Piquet ndiye bingwa kwa pointi 50, Reutemann 49. Shika kalamu, Mhariri. Mrudishie Reutemann tisa zake za Kyalami na Piquet sita zake, kisha uniambie bingwa ni nani. Uwanja wa namna hiyo ndio wa kuwekewa labda?

Najua atasema ile ilikuwa Afrika Kusini ya makaburu. Kweli, na sisi wakati huo tulikuwa tunawalea wapigania uhuru wao kule Mazimbu, Morogoro, hamu ya kushangilia Kyalami ingetoka wapi. Lakini utawala wa makaburu uliisha 1994, langalanga imeondoka 1993, na hadi leo haijarudi. Walikuja wakati wa ubaguzi, uhuru ulipofika wakakosa nafasi kwenye ratiba.

Na kiufundi ndipo alipoharibu zaidi. Kyalami iko juu, karibu mita 1,500, hewa yake nyepesi kama ya Arusha. Gari la kabureta likipanda kutoka Tanga bila kurekebishwa, ukifika Tengeru linatoa moshi mweusi. Injini yenye tabo, inayosukumiwa hewa kwa nguvu, haijali. Mwaka 1982 Alain Prost alipasukiwa tairi pale Kyalami, akaachwa mzunguko mzima, na ile Renault yake ya tabo ikawarudia wote akashinda. Hicho ndicho kiwanja, kinachomuuliza fundi swali. Mwandishi wenu kapima hoteli.

Matunda ya labda hizo nimeyala mwenyewe. Jumapili moja nililipa shilingi 1,000 kwenye banda moja la televisheni hapa Majengo nione mbio za Monza. Tulikuwa watu watano kwenye benchi la mkaratusi, mmoja amelala. Imebaki mizunguko minane, wa pili anamnusa wa kwanza, mara mwenye banda anaingia na rimoti yake iliyofungwa kwa mpira wa tyubu, anabonyeza. Nikaona wanaume wawili wenye suti wanajadili kikosi cha mpira. Mechi yenyewe bado saa nzima! Nikasema, mwanangu, mimi nimelipa. Akanijibu, "Shikamoo mzee. Hizo gari za Wazungu zinazunguka tu, hata wiki ijayo zitakuwepo." Shikamoo! Elfu yangu hakurudisha. Alinipa soda, tena ya moto.

Babu wa huyo mwenye banda bila shaka alikesha kando ya barabara akisubiri magari ya Safari Rally. Mbio zile zilianza 1953 zikipita Kenya, Uganda na Tanganyika, na mwaka 1966 na 1967 mshindi alikuwa Bert Shankland, mkazi wa Tanzania hii, na Peugeot 404. Marehemu baba alikuwa na kovu shavuni la kokoto iliyorushwa na tairi, akilionyesha wageni kama nishani.

Siku hizi tumebakiwa na mbio za bodaboda usiku kuanzia kipilefti cha YMCA, na dawa iliyopatikana ni matuta. Tuta halina rangi, halina kibao, limemwagwa tu kama ugali uliomshinda mpishi. Mwezi uliopita nimefunga shokapu saba za watu walioruka tuta moja lilelile. Riziki nashukuru, lakini mwenye tuta aje basi tugawane.

Ombi langu ni dogo. Chapeni orodha upya, Kyalami ifungue msimu, mwezi wa Februari kama 1981, na hiyo "labda" ihamishiwe Imola. Halafu mtumeni mwandishi wenu Moshi, akae kwenye banda lile aangalie mbio moja hadi bendera ya mwisho. Elfu yake nitalipa mimi. Rimoti aishike mwenyewe.

Fundi magari,
Majengo, Moshi