Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: Kazi ya Makocha wa Vijana

Ndugu wanachama,

Mapato na matumizi atayasoma mweka hazina, na kumbukumbu za vikao anazo katibu. Mimi nafasi yangu naitumia kuwaeleza kazi ya makocha wa vijana. Mikutano yetu imezoea kujadili mashua: ipi imechakaa, ipi inunuliwe, ipi ipakwe rangi upya. Mashua tunazihitaji, hilo halina ubishi. Ila kijana akiacha mchezo wa makasia, mara nyingi chanzo si uchakavu wa mashua. Aliogopa na hakuna aliyegundua, au mgongo ulimuuma akaambiwa avumilie, au alirekebishwa msimu mzima kwa kosa lililokuwa la vifaa. Mambo haya yako mikononi mwa kocha, na mwanachama anayepiga kura juu ya bajeti ya makocha anastahili kuyajua kwa undani.

Kabla ya mashua kuteremshwa

Kocha wa zamu hufika mapema kuliko vijana. Huanza na hali ya hewa. Mawimbi yakionyesha povu jeupe vichwani, wanaoanza hawatoki. Ngurumo ikisikika, kila mtu anatoka majini na dakika 30 zinahesabiwa tangu ngurumo ya mwisho. Ikinguruma tena dakika ya 29, hesabu inaanza upya. Wazazi wanaosubiri hukereka, tunalielewa hilo, lakini kocha haruhusiwi kujadiliana nao kuhusu kanuni hii.

Kisha anakagua mashua moja baada ya nyingine. Mpira wa omo, yaani wa ncha ya mbele ya mashua, lazima uwepo na uwe imara, maana mpiga makasia anakwenda kinyumenyume na ncha isiyo na mpira inaweza kumchoma mtu. Vifuniko vya vyumba vya hewa vifungwe, kwa sababu mashua ikipinduka vikiwa wazi hujaa maji, na chombo ambacho kijana angekishikilia kinadidimia.

Kuna kamba za visigino ambazo watu wengi hawazijui. Viatu vimefungwa kwenye ubao wa miguu ndani ya mashua. Kila kisigino cha kiatu kina kamba fupi inayokizuia kisiinuke zaidi ya sentimita 7. Mashua ikipinduka na kijana akavuta mguu, kiatu kinabaki pale na mguu unachomoka. Kamba ikiwa ndefu au imekatika, kiatu kinainuka pamoja na mguu na kijana ananasa akiwa kichwa chini. Kocha haangalii kamba kwa macho tu. Anashika kisigino cha kila kiatu na kukivuta juu kwa nguvu, mashua nzima, kila siku ya mazoezi.

Kijana naye ana ukaguzi wake kabla ya kushika kasia. Aogelee mita 50 akiwa na nguo nyepesi, aweze kukaa majini bila kushika kitu, na afanye zoezi la kupinduka mahali penye usimamizi. Zoezi hilo linamfundisha jambo ambalo akili ya mtu mwenye hofu hulikataa: usiiache mashua. Ufukwe huonekana karibu kuliko ulivyo, na kichwa cha muogeleaji ni vigumu kukiona ukiwa kwenye boti ya injini, ilhali mashua iliyopinduka inaonekana kwa mbali na bado inaelea.

Masomo ya mwanzo, na kasia linaponaswa

Mashua ya mbio ya mtu mmoja ina urefu wa takriban mita 8, ni nyembamba mno, na uzito wake wa chini katika mashindano ya kimataifa ni kilo 14. Haisimami yenyewe, makasia ndiyo yanayoishikilia. Ndiyo maana wanaoanza wanapewa mashua pana za mafunzo, na agizo la kwanza ni kutoachia mipini kwa sababu yoyote. Mabapa, zile ncha pana za makasia, yakilala juu ya maji na mipini ikishikwa pamoja mbele ya tumbo, mashua inatulia. Huo ndio mkao wa usalama, na kijana hasogei hatua nyingine mpaka aweze kurudi kwenye mkao huo bila kufikiri.

Baada ya hapo anapiga kwa mikono peke yake, halafu mikono na kiwiliwili, halafu nusu ya reli ambayo kiti huteleza juu yake, mwisho reli nzima. Katika kuvuta, miguu inatangulia, kiwiliwili kinafuata, mikono inamalizia. Katika kurudi mbele mpangilio unageuka: mikono, kiwiliwili, miguu. Kosa tunaloliona sana ni kukunja magoti kabla mikono haijayapita. Mipini inalazimika kupanda juu ya magoti, mabapa yanashuka na kugonga maji, mashua inayumba. Dawa yake ni kusimama kidogo mikono ikiwa imenyooka na kiwiliwili kimeinama mbele, magoti bado hayajakunjwa, kisha kuendelea. Mapigo 18 hadi 20 kwa dakika yanatosha kabisa kwa kujifunza. Kocha anayekimbilia zaidi ya hapo na wanaoanza anazoesha makosa.

Sasa kasia kunaswa. Kila kijana litampata, na ndilo linalotisha kuliko yote. Hutokea mwisho wa mvuto: kijana analilaza bapa likiwa bado ndani ya maji, au mikono haikushuka vya kutosha kulitoa. Mashua inaendelea kwenda, maji yanalivuta bapa chini, na mpini unarudi kwa kishindo tumboni au kifuani. Kijana anafundishwa kulala nyuma na kuuacha mpini upite, wenzake wanaacha kupiga mara moja, kisha kasia linarudishwa taratibu.

Kocha mchanga husema "shusha mikono", na kijana asiposhusha husema tena kwa sauti zaidi. Kocha mzoefu hutazama mapaja kwanza. Kishwara, kile kipande kinachoshika kasia kwenye mkono wa chuma, kikiwa chini mno kwa kijana huyo, mpini unagonga mapaja kabla bapa halijatoka majini. Hana pa kushushia mikono! Kuhamisha vipande vya plastiki vinavyoinua kishwara kwa sentimita 1 au 2 ni kazi ya muda mfupi gatini, na tatizo lililosumbua kwa wiki kadhaa linaisha. Vilevile kuna mwinamo wa kishwara. Kawaida ni nyuzi 4, na kwa wanaoanza inaweza kuongezwa kidogo. Mwinamo ukiwa mdogo mno bapa linapiga mbizi. Ukizidi, linateleza na kutoka majini kabla mvuto haujaisha. Bapa la upande mmoja likipiga mbizi wakati la pili liko sawa, na kijana ni yuleyule, kosa litafutwe kwenye chuma kabla ya kutafutwa kwa mtoto.

Kwa sababu hiyo kila kocha wetu sasa anapewa utepe wa kupimia, spana na kipima mwinamo, na mashua za vijana zina daftari la vipimo. Makasia mawili ya mtu mzima huwa na urefu wa karibu sentimita 288 kila moja. Ya vijana wadogo tunayafupisha kwa sentimita kadhaa, na pete ya kasia, ile inayoegemea kishwara, inasogezwa ili mpini usiwe mrefu kuliko mikono yao. Kishwara kimoja hukaa juu ya kingine kwa sentimita 1 hivi, kwa kuwa mikono hupishana katikati ya mvuto na lazima mmoja uwe juu.

Mwili unaokua

Hapa ndipo kocha wa vijana anapotofautiana kabisa na kocha wa watu wazima. Makocha wetu wanawapima vijana kimo kila baada ya miezi mitatu, wakiwa wamesimama na wakiwa wameketi. Miguu ikirefuka ghafla, misuli ya nyuma ya paja hukaza, nyonga hazikunji vizuri, na mgongo wa chini unafanya kazi isiyo yake. Kijana aliyekuwa na mapigo mazuri anaonekana kama amesahau kila kitu. Hajasahau. Ubao wa miguu unasogezwa, mzigo unapunguzwa, na anarudishwa kwenye mazoezi ya mikono na kiwiliwili hadi mwili wake utulie.

Wadogo wote wanaanza na makasia mawili. Kasia moja kwa kila mtu hupindisha mwili upande mmoja, na hilo linaweza kusubiri. Kwenye mashine ya mazoezi ya ndani, vijana hupenda kuweka kidude cha hewa namba 10 wakidhani ndiyo ushujaa. Namba ile huongeza uzito wa mvuto tu, kwa hiyo mgongo unaumia bila faida; tunabaki kati ya 3 na 5. Mazoezi marefu ya mashine yanakatwa vipande, dakika 30 zisipitwe bila kushuka na kujinyoosha. Maumivu ya mgongo wa chini ndiyo yanayoongoza katika mchezo huu, na kijana anayesema unamuuma anasimama siku hiyo hiyo.

Hata kubeba mashua ni somo. Mashua ya watu wanane haipungui kilo 96 katika mashindano, yaani kilo 12 kwa kila mtu kwa hesabu ya karatasi. Wakipangwa bila kujali kimo, warefu wanabeba karibu zote na wafupi wanaigusa tu kwa vidole. Makocha wanawapanga kwa kimo, wawili wawili wanaolingana wakitazamana.

Kuhusu uzito wa mwili, msimamo wa chama ni mmoja: kocha hampimi kijana uzito mbele ya wenzake wala hamwambii apungue. Mashindano ya uzito mwepesi yalikuwemo kwenye Olimpiki kwa mara ya mwisho Paris mwaka 2024. Na hata yangekuwepo bado, mwili unaokua unahitaji chakula.

Boti ya injini na mshika usukani

Dereva anavaa kamba ya kuzima injini mguuni muda wote. Akianguka bila kamba hiyo, boti huzunguka yenyewe na panga la injini linamrudia. Ndani kuna kamba ya kurushia, kafi, kopo la kukumbia maji, kisu, mablanketi ya kuhifadhi joto, sanduku la huduma ya kwanza na majaketi ya akiba. Injini inazimwa kabla ya kumfikia mtu aliye majini. Tunataka watu wazima wawili, mmoja aendeshe na kutazama mbele, mwingine afundishe. Kocha anayeendesha huku akitazama mabapa ya vijana yuko nusu katika kazi mbili.

Mshika usukani huvaa jaketi la uokozi wakati wote. Katika mashua ambazo yeye hulala ndani ya omo, jaketi lisiwe la kujijaza lenyewe likigusa maji, kwa sababu likifumuka ndani ya nafasi ile finyu linamkandamiza asiweze kutoka. Atumie la kuvuta kamba kwa mkono.

Makocha wanapatikana wapi

Wanachama wengi husema hawawezi kusaidia kwa kuwa hawakuwahi kupiga makasia. Karl Adam, mwalimu wa shule katika mji wa Ratzeburg nchini Ujerumani, hakuwa mpiga makasia, alikuwa bondia. Aliifundisha mashua ya watu wanane iliyotwaa dhahabu ya Olimpiki Rome 1960, na nyingine Mexico City 1968. Alikuwa tayari kupima, kujaribu na kubadili. Sisi hatutafuti dhahabu ya Olimpiki, lakini tunatafuta watu wa aina hiyo hiyo.

Kocha mpya anaanza kwa kumfuata mzoefu bila kusema neno majini, halafu anapewa zoezi moja la kuongoza, halafu mashua moja. Anafundishwa kusema jambo moja kwa wakati mmoja, kulisema mashua ikiwa imetulia, na kumuuliza kijana alihisi nini kabla ya kumwambia kilichoonekana. Hakai peke yake na mtoto mahali pa faragha, na ujumbe wa simu kwa kijana hupita kwenye kundi ambalo mzazi yumo. Vijana wakubwa wanaosaidia kufundisha tunawashukuru sana, ila hawahesabiwi kama watu wazima wa usimamizi.

Makocha wetu wamechoka, na wamefanya kazi hii kwa moyo. Kamati inaleta maazimio matatu: watu wazima wawili katika boti ya injini iwe kanuni badala ya desturi, gharama za kuhuisha vyeti vya huduma ya kwanza na vifaa vya vipimo zitengwe kabla ya rangi za mashua, na awepo mratibu wa zamu ili kocha yeyote asipangwe wikiendi mbili mfululizo bila ridhaa yake. Orodha ya wanaojitolea kuendesha boti iko kwa katibu. Mafunzo yao yanafanyika kabla ya msimu wa vijana kuanza, na anayejiandikisha aje na nguo za kulowa, maana zoezi la kwanza ni kumtoa mtu majini.

Mwenyekiti